Wanaokaa Nyuma

Hotelini, Lushoto
11 Januari 1976

Baba mpendwa,

Mwangaluka baba. Naomba barua hii ikukute na afya yako, wewe na mama, na mvua iwe imeikumbuka pamba yenu. Mimi mhola, mzima kabisa, isipokuwa baridi ya huku haijanizoea. Nalala na soksi, na asubuhi maji ya kunawa yanauma meno.

Nina habari, na nataka uisome ukiwa umekaa. Nimetoka kwenye udobi. Yule Mzee Uledi niliyekuandikia habari zake mwaka jana, anayewatembeza wageni milimani tangu enzi za Waingereza, goti limemgomea. Meneja akaja jikoni kuuliza nani anaweza kutembea kutwa nzima bila kulalamika. Wenzangu wote wakanigeukia mimi, maana wanajua Jumapili zangu huishia vilimani wakati wao wanasuka nywele. Basi nikavuliwa aproni, nikapewa fimbo na viatu vya Mzee Uledi, ambavyo nimevijaza magazeti mbele.

Utacheka, baba, lakini nakueleza kazi yenyewe. Watu wanatoka Dar es Salaam, Arusha, wengine Ulaya, wanapanda mlima kisha wanashuka. Juu hawachukui chochote. Si kuni, si asali, wala hawamtafuti ng'ombe aliyepotea. Wanafika, wanatazama, wanakula mkate na jibini ya misheni, wanarudi wamefurahi sana. Siku ya kwanza tunakwenda Irente, ambako mlima umekatika ghafla na ukisimama ukingoni unaona uwanda wote wa chini, mashamba ya mkonge na reli. Siku ya pili ni msitu wa Magamba, kutazama mbega, wale weusi wenye joho jeupe mgongoni. Wasiopenda kupanda nawapeleka kuona maporomoko ya Soni, au sokoni kununua plamu na peasi, matunda ambayo sijui nikufananishie na nini huko kwetu. Jioni hotelini wanawasha moto ndani ya nyumba, wanakaa kuuzunguka na kuhadithiana jinsi walivyochoka.

Sasa aibu yangu. Safari yangu ya kwanza nilikuwa na wageni kumi na mmoja, na mimi nikakaa nyuma yao. Sikufikiri hata kidogo, miguu yenyewe ilijua mahali pake. Tulipofika njia panda ya Irente wakashika kulia, na njia ilikuwa kushoto. Nikapiga ule mluzi mrefu wa kugeuza ng'ombe. Baba, hakugeuka hata mmoja. Mama mmoja wa Kizungu akanipigia makofi, akidhani naimba. Mpaka nimekimbia kuwapita, wote kumi na mmoja walikuwa wameshaingia kwenye maharage ya watu. Mwenye shamba akatoka na jembe, na alikuwa na haki. Nilimwomba radhi, na mchana nilirudi kumsaidia kusimamisha vijiti vya maharage yake.

Meneja alinisubiri mlangoni. Akasema, "Neno lenyewe ni kuongoza, Milembe. Anayeongoza yuko mbele. Nyuma ni pa mizigo." Amenipa nafasi moja tu. Nikikosea tena narudi kwenye mashuka.

Msalimie mama, mwambie michembe imeniishia na huku viazi vyao wanavila vibichi bila kuvikausha, hawajui kinachowapita.

Mwanao,
Milembe


Kijijini, S.L.P. Bariadi
2 Februari 1976

Kwako mayu,

Mwadila. Nimeandika mwadila kwa sababu ni mchana na nimetoka kupalilia. Sisi wazima. Mama yako mguu umepoa, na mvua imekuja kwa adabu mwaka huu. Tunaendelea kuizoea hii mistari ya nyumba za kijiji kipya. Mtu akipiga chafya kwake, mimi namjibu nikiwa kitandani.

Nimesoma kuhusu huyo meneja wako. Niulizie, alichunga nini utotoni? Maana mtu aliyechunga hata mbuzi wawili hawezi kusema nyuma ni pa mizigo. Nyuma ni pa mwenye mali. Aliye mbele anaona njia tu, na njia haipotei. Kinachopotea ni ng'ombe, na ng'ombe hupotelea nyuma, yule mchovu, yule mwenye mimba, yule mwenye tamaa ya jani. Wewe hilo ulilijua una miaka saba.

Lakini pia nakulaumu. Umeacha kundi liende bila ng'ombe wa mbele. Umemsahau yule mwekundu mwenye kovu? Hatukumfundisha kwa mluzi, tulimpeleka njia mara mbili tu, na wenzake walimfuata bila kuuliza. Kila kundi lina wa namna hiyo. Kaa utazame wageni wako wanapokunywa chai. Yupo mmoja ambaye akisimama na wengine wanasimama. Huyo mwambie njia, mti gani, jiwe gani, kisha wewe kaa mahali pako.

Kuhusu kupanda mlima na kushuka mikono mitupu, kweli nilicheka, na mama yako akacheka zaidi. Halafu nikajiuliza. Sisi wenyewe si huwa tunatembea siku mbili kwenda kuona Bagika na Bagalu wakishindana ngoma, na tunarudi bila hata punje? Na tunahadithia mwaka mzima. Kwa hiyo wageni wako siwacheki tena. Wana akili timamu, wamekosa ngoma tu.

Watu kanisani wananiuliza binti yako kajifunzia wapi kupeleka watu porini. Nawajibu kama siku zote, kwamba sikujaliwa mvulana, ng'ombe walikuwa wanalia zizini, nikampa huyu fimbo. Wanacheka, wananipa mkono. Nilitembea kurudi nyumbani kifua mbele mpaka mama yako akauliza kama nina vichomi.

Michembe inakuja na mtu anayepanda treni Malampaka wiki ijayo.

Baba yako mzazi,
Masele


Hotelini, Lushoto
7 Machi 1976

Baba mpendwa,

Salamu nyingi kutoka kwenye ukungu. Michembe imefika, haikuoza hata kipande, na wenzangu wa jikoni sasa wananiita dada hata wale wakubwa kwangu. Mimi ni mzima. Natumaini nanyi pia, na dudu la pamba halijaanza.

Barua yako ilichelewa njiani, kwa hiyo nilianza kwa kumtii meneja. Wiki tatu nilitembea mbele kama bendera. Wote walinisifu. Mimi nilisikia shingo inaniuma, maana kila mara nilitaka kugeuka. Kisha tukaenda Magamba na wageni kumi, mmoja wao mwalimu mstaafu wa Denmark, bibi mwembamba mwenye miwani. Ukungu ukashuka. Tulipofika kwenye mto nikahesabu, wakawa tisa.

Baba, sijawahi kupoteza. Unajua kwamba sijawahi. Niliwakalisha wale tisa mahali pamoja, nikakataza mtu kuinuka, nikarudi kwa njia ile ile nikitazama chini. Ningekuwa nyuma ningemwona akisimama. Nilimkuta baada ya kama saa nzima, amekaa juu ya gogo, midomo imekuwa ya bluu kwa baridi, na kinyonga ametulia kwenye mkono wa sweta lake. Akaniambia polepole kwa Kiswahili chake, "Huyu ana pembe tatu, sikuweza kumwacha." Nilimvika koti langu. Nikataka kumgombeza, nikashindwa, nikacheka na yeye.

Barua yako ikafika siku mbili baadaye, na nikaamua. Safari iliyofuata alikuwepo bwana mmoja wa Tabora, mkaguzi wa shule, mnene, hana haraka na mtu. Akitia sukari kwenye chai, meza nzima inatia sukari. Nikamwendea, nikamwambia, "Mheshimiwa, leo naomba utuongoze." Nikampa alama zote, mkuyu uliopasuka, kanisa, kisima, kisha kushoto. Alifurahi utadhani amepewa wilaya. Mimi nikarudi nyuma, shingo yangu ikapona siku hiyo hiyo.

Hakupotea mtu. Na tena nikiwa nyuma nikaona mambo ambayo mtu wa mbele hayaoni. Nani kiatu kinamuuma lakini anaona haya kusema, nani anataka kusimama atazame ua, nani anaogopa ukingo. Nikawasimamisha kabla hawajaomba. Irente tulifika jua likiwa bado juu, mawingu yako chini yetu, na treni ikapita kule bondeni ndogo kama jongoo. Wakaniuliza kwetu ni wapi. Nikanyoosha fimbo kuelekea jua linakozama, nikasema, huko, uwanda mtupu, ukifika mahali ambapo watu wanakusalimu kabla hujawaona, ndipo. Mkaguzi akasema anapajua, na kwamba nimesema kweli.

Kwenye kitabu cha wageni wameandika jina langu mara sita. Wengine wakifika mapokezi wanauliza, yuko wapi yule anayekaa nyuma. Meneja ananuna lakini ananiachia. Nimejivuna, baba. Nakuambia wewe kwa sababu huku sina wa kumwambia.

Mwanao,
Milembe


Kijijini, S.L.P. Bariadi
30 Machi 1976

Kwako mayu,

Mwangaluka, habari ya baridi? Sisi mhola duhu.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na ya tatu niliisomea mbele ya watu, penye foleni ya zahanati, maana nilijua hapo hawana pa kukimbilia. Nilipofika kwenye kinyonga wakasahau ugonjwa. Mzee mmoja akasema huyo bibi wa Denmark hana tofauti na ng'ombe wetu wa jani, nikamwambia ndiyo, na binti yangu anawajua wote wa aina hiyo.

Habari ya hapa, baba yako mdogo Malimi amechaguliwa kuwa mwenyekiti wa kijiji. Ana muhuri sasa na kalamu mbili za wino mfukoni, na hata akija kwangu kuomba tumbaku ananiita "ndugu mwanakijiji." Nilimsomea naye barua yako. Alisikiliza mpaka mwisho akasema, "Huyu alitakiwa kuwa mvulana." Nikamjibu, "Ndiyo, Mungu alikosea kidogo." Tukacheka.

Endelea hivyo hivyo. Usikae mbele. Mama yako anauliza kama hayo makoti wanakupa au ni ya kwako.

Baba yako mzazi,
Masele


Hotelini, Lushoto
2 Mei 1976

Baba,

Shikamoo. Natumaini mavuno yameanza vizuri na mgongo wako unakubali kuinama. Mimi sijambo, mafua kidogo.

Naomba unisaidie jambo, na hili si la mzaha. Goti la Mzee Uledi halitapona. Amestaafu. Nafasi yake itajazwa moja kwa moja, na ukiipata ni yako, una barua ya ajira na viatu vya kipimo chako. Nimeomba. Ameomba pia kijana mmoja wa hapa aliyepitia kozi ya miezi mitatu na ana cheti. Meneja anamtaka huyo, anayekaa mbele. Mzee Uledi ananitaka mimi. Atakayeamua ni Kamati ya Wafanyakazi, na kikao ni tarehe 24 Julai.

Kwenye kamati wapo wanaosema msituni si mahali pa msichana, na kwamba yale ya kitabu cha wageni ni bahati ya miezi mitatu. Wengine wanasema kwa ukarimu tu kwamba udobini nilikuwa mzuri sana. Lakini katibu ni mtu wa haki. Amesema kama cheti sina, nilete uthibitisho wa kazi ya nje isiyopungua miaka mitano. Ni barua ya aliyenipa kazi hiyo, ieleze nilifanya nini na kwa nini nilipewa mimi, na igongwe muhuri wa kijiji.

Aliyenipa ni wewe. Nilichunga miaka minane, asubuhi shule na mchana machungani, na likizo zote kutwa. Andika hivyo tu, baba. Upeleke kwa baba mdogo agonge muhuri. Ni mwendo wa nyumba sita.

Nisipopata narudi kwenye mashuka, na safari hii sitatoka tena huko.

Mwanao,
Milembe


Hotelini, Lushoto
13 Juni 1976

Baba,

Shikamoo. Nimengoja barua yako wiki sita. Labda imepotea njiani, labda pamba imekubana. Kama unaumwa mwambie mtu aniandikie.

Kikao bado ni tarehe 24 Julai. Wageni ni wengi kwa sababu ya ubaridi huu wanaoupenda, jana nilikuwa na kumi na wanane ukingoni pa Irente na wote nikawarudisha. Nakungoja.

Mwanao,
Milembe


Hotelini, Lushoto
27 Juni 1976

Baba,

Nakusalimu.

Jana nilionana na mtu wa Binza, jirani na kwetu, aliyekuja huku kikazi, alipita kijijini kwetu mwezi huu huu. Anasema wewe ni mzima, ulikuwa unabeba pamba. Anasema pia barua yangu unayo, umeikunja kwenye mfuko wa shati. Kwa hiyo sasa najua ulichonyamazia.

Kuninadi kwenye foleni ya zahanati unaweza. Kuandika na kugonga muhuri huwezi, kwa sababu muhuri haucheki. Unaona haya kuweka kwenye karatasi ya serikali kwamba ng'ombe wako walichungwa na msichana. Sikulaumu, nimeishi na haya hiyo tangu nina miaka saba. Kila mgeni aliyekuja nyumbani nilisikia wimbo ule ule, sikujaliwa mvulana, nikampa huyu. Nilikuwa nawanywesha ng'ombe wako huku nausikia. Nilijua mimi ni ubao unaozibia dirisha mpaka kioo kipatikane. Nikajitahidi niwe ubao mzuri, ili siku moja useme kitu kingine. Hukusema. Hata baba mdogo aliposema nilitakiwa kuwa mvulana ulimjibu ndiyo, ukaniandikia na mimi nicheke.

Sikucheka, baba.

Kama hutaandika, niambie. Nitaacha kungoja.

Milembe


Kijijini, S.L.P. Bariadi
8 Julai 1976

Kwako mayu,

Umesaini jina tupu. Nimeliona. Mama yako pia ameliona, na amekataa kunipikia mpaka nimalize kuandika, kwa hiyo naandika na njaa.

Yule mtu wa Binza alikuambia kweli. Nilikuwa nayo mfukoni. Lakini hukujua lililobaki, na nakueleza sasa ingawa ni aibu yangu. Barua yako ilipofika nilikaa siku hiyo hiyo nikaandika uthibitisho. Niliandika vizuri, kwamba kwa kukosa mtoto wa kiume nilimkabidhi binti yangu ng'ombe, naye akachunga miaka minane. Nikampelekea Malimi. Alivaa miwani, akasoma, akaniuliza, "Kukosa mtoto wa kiume, wangu wanne walikuwa wapi?"

Wewe ulikuwa mdogo, hujui. Mwaka ule ndugu yangu alikuja kwangu na wanawe wote wanne, wakubwa, wana miguu, akasema chagua yeyote au wachukue wote, ng'ombe wako ni wetu. Nilimwambia padri anawataka shuleni. Haikuwa kweli. Alijua haikuwa kweli. Akadhani nimewadharau wanawe, na kwa miaka kumi na tano tumeombana tumbaku na kucheka na hilo likiwa kati yetu. Sasa ana muhuri mkononi, akasema, "Hiki ni chombo cha serikali, Masele. Uongo sigongi. Andika kwa nini uliwakataa wanangu, nitagonga hata mara tatu."

Nikachukua karatasi nikaondoka. Wiki nane nimeipita nyumba yake nikienda shambani. Nilikuwa najiambia kesho. Si kwamba niliona haya kuandika kuwa ulichunga. Niliona haya kuandika kwa nini. Barua yako ya tarehe 27 ilipofika nilikaa chini penye mistari ya pamba na sikuinuka mpaka mama yako alipokuja kunitafuta.

Jumapili kulikuwa na mkutano wa kijiji. Nilisimama nikaisoma mpya mbele ya wote, kabla ya muhuri, ili nisipate njia ya kurudi nyuma. Wengine walicheka. Malimi hakucheka. Nilipomaliza aliinuka akanishika mkono na hakuuachia upesi.

Ya kamati nimeituma kwa rejista. Nakala yako hii hapa.

Baba yako mzazi,
Masele


NAKALA

Kijiji cha Ujamaa,
S.L.P. Bariadi
4 Julai 1976

Kwa: Katibu, Kamati ya Wafanyakazi, Hotelini, Lushoto
K.K.: Mwenyekiti wa Kijiji

Ndugu,

Yah: Uthibitisho wa kazi ya Milembe Masele

Mimi Masele Lugembe, mkulima na mfugaji, nathibitisha kwamba mtajwa hapo juu alichunga ng'ombe wangu miaka minane, tangu 1961 hadi 1969. Walikuwa arobaini na watatu walipokuwa wengi. Hakupoteza hata mmoja. Mwaka mmoja wa ukame aliwanyweshea kwenye mto wa mchanga, akichimba mwenyewe na kuwapa zamu, wadhaifu kwanza. Siku nyingine alichelewa hadi nikatoka na mkuki kumtafuta karibu na pori la wanyama. Nikakutana naye njiani, ng'ombe wote mbele yake, na ndama aliyezaliwa mchana huo begani. Alikuwa na miaka kumi. Aliniambia tu, "Tulikuwa tunamngoja huyu."

Mmeuliza kwa nini kazi hii alipewa yeye. Kwa miaka mingi nimewaambia watu kwamba sikuwa na mvulana. Huo ulikuwa uongo na ninaufuta hapa. Ndugu yangu Malimi alinipa wanawe wanne nichague. Niliwakataa. Kabla ya hapo, jioni moja, huyu mtoto akiwa na miaka sita aliwatazama ng'ombe wakiingia zizini, akasema mmoja amebaki. Mimi nilikuwa sijahesabu bado. Nilihesabu, na mmoja alikuwa amebaki. Tangu jioni ile sikutaka mtu mwingine awashike ng'ombe wangu.

Niliona haya kusema mbele ya wanaume wenzangu kwamba nimeona wavulana wanne na nimemtaka binti. Nikajificha nyuma ya maneno ya kuchekesha, na mtoto aliyasikia yote. Sasa nina umri wa miaka hamsini na nane na nayasema mbele ya kijiji na mbele ya kamati yenu. Sikumpa fimbo kwa kukosa. Nilikuwa na wa kuchagua, nikamchagua huyu. Leo wangeniletea arobaini, ningemchagua huyu.

Wenu katika ujenzi wa taifa,
Masele Lugembe

Nathibitisha kuwa hayo ni kweli. Wanangu wote wanne walikataliwa. Nilikasirika wakati ule. Sikasiriki tena.
Malimi Lugembe, Mwenyekiti
(Muhuri mara tatu)


SIMU YA MAANDISHI
KUTOKA LUSHOTO 24 JULAI 1976
KWA MASELE LUGEMBE BARIADI

KAMATI IMEPITISHA. BARUA IMESOMWA MARA MBILI KWA OMBI LA MZEE ULEDI. NAANZA JUMATATU. MWAMBIE MAMA AKUPIKIE.
MWANAO ULIYEMCHAGUA